Saa Sita

Kwetu saa huzaliwa na jua.
Likichomoza tunaanza kuhesabu: hii moja, hii mbili,
na mtoto asiyejua kusoma
atakutajia saa kwa kutazama kivuli cha kuku.

Nilitua Aberdeen Januari na hesabu hiyo kinywani.
Dokta Farquhar aliandika tarakimu mbili,
akaipigia mstari.
Nami saa mbili nikawa mlangoni.
Giza lilikuwa bado limeyakalia mawe ya mji,
yale ya kijivu yenye chembe zinazometa
kama chumvi iliyomwagika ikakosa wa kuizoa.
Bawabu Geddes akaja, funguo zikimlia kiunoni,
akasoma barua yangu, akatazama saa ya ukutani:
si mbili hii, kijana. Ile nyingine.
Nikakaa ngazini kuingoja ile nyingine.
Mkate wangu wa siku mbili niliumaliza hapo.

Basi nikajifunza. Si ndilo lililonileta?
Nilijifunza kumwita Dokta kwa jina la ubatizo, Morag,
na kila nikilitamka
shikamoo inanikwama kooni kama mwiba wa sato.
Nilijifunza kwamba wakikuuliza hali wameshapita,
kwamba mgeni hulipa ada mara tatu ya mwenyeji
na bado kila Jumatatu hutia sahihi kuthibitisha
kwamba yupo, hajapotea, hajajificha.
Jua lizame saa tisa na nusu alasiri, bila aibu,
watu waendelee na chai yao,
nami niendelee nao.

Mshale ukisimama kwenye nne, nikawa nasema nne.
Sikutafsiri tena. Nilijisifu, nakiri,
hata nikamcheka Mnaijeria wa chumba cha pili
kwa kuchelewa basi.

Nasoma udongo.
Nyumbani hili ni kichekesho: umevuka bahari
kwenda kusoma udongo, kwani huku umekwisha?
Baba mdogo Rweyongeza peke yake hakucheka.
Aliuza vanila ya misimu miwili tukapata tiketi,
akanifungia gazetini bonge la udongo wa kibanja chetu,
akasema, uwaonyeshe.
Uwanja wa ndege wakalitia pipani
wakiwa wamevaa glovu.
Hilo sikumwambia. Nilimwambia wameusifu.

Desemba, mwaka wa pili, ujumbe wa Kokuhirwa:
*Baba mdogo katutoka. Tunazika kesho saa nne,
mvua isije ikatuwahi. Washa simu.*

Nne. Nikatoa tatu, ikabaki moja.
Nikatega kengele.
Asubuhi nikaenda maabara,
nikapima unyevu wa sampuli ishirini na mbili.
Mkono haukutetemeka.
Moja ilipokaribia nikanawa,
nikavaa shati jeupe juu ya fulana mbili,
nikakaa ngazini, ngazi zile zile,
nikawasha.

Viti vimekunjwa.
Mtoto nisiyemjua akachungulia kioo, akanitolea ulimi.
Nyuma yake migomba, sufuria zinaoshwa,
mtu anacheka, kisha anakumbuka, ananyamaza.
Kokuhirwa akaishika simu kwa mikono miwili.
Tulikungoja, akasema.
Padri naye akakungoja.
Saa nne, kaka. Saa nne ya asubuhi, kwani kuna nyingine?

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na kosa zima
la kumweleza, na lilikuwa na mantiki:
tatu za ramani, sita za jua.
Nikasema tu: sogeza simu. Karibu zaidi.
Karibu na udongo.

Akachuchumaa.
Mwekundu, wa kwetu, wenye vikonyo vya mizizi iliyokatwa na jembe.
Juu umeanza kupauka, umefanya ngozi,
nyufa nyembamba kama za kisigino.
Ubavuni, kwenye kivuli cha mgomba,
bado mbichi, bado mweusi.
Mvua haikuja.

Hakuna aliyeniuliza.
Jicho ndilo lilikwenda lenyewe, likakadiria
umekaa juani muda gani,
likarudi na jibu sahihi,
la kupewa alama zote:

saa sita.